Aliyetumwa Melbourne

Ndege kutoka Mwanza ilipoanza kushuka juu ya ziwa na mabati ya Bukoba yakaanza kung'aa, abiria walichungulia madirishani wakionyeshana makwao. Kokwijuka alifumba macho. Kijana aliyekaa jirani yake alimhurumia, akamwambia asiogope, wanafika sasa hivi. Maskini, hakujua. Mtu ametoka Melbourne, amevuka bahari nzima akiwa amekaa kitako, aje aogope kamwendo haka ka kutoka Mwanza? Alichokuwa anakiogopa kilikuwa chini, kimesimama nje ya uzio wa uwanja, kimevaa koti la kahawia na kofia ya Jumapili. Alikuwa shemeji yake, Mutembei.

Mutembei ni mdogo wake marehemu Rwegasira, mume wa Kokwijuka, na tangu Rwegasira azikwe yeye ndiye anayeusemea ukoo kule Ijumbi. Ndiye aliyewakusanya wanaukoo, huyu akauza kahawa, yule akauza mbuzi, mpaka nauli ya Australia ikapatikana. Na ndiye aliyempa Kokwijuka swali la kwenda nalo. Swali lenyewe lilikuwa moja tu: Rwekaza atarudi lini?

Rwekaza ndiye mtoto pekee wa kiume wa Rwegasira, yaani ndiye omusika, mrithi wa kibanja. Na kibanja si shamba tu, hata mgeni wa Muleba atakwambia. Ni migomba na mibuni, ndiyo, lakini katikati yake wamelala babu, bibi, baba na watoto waliokufa wachanga, na lazima awepo mtu wa kukaa nao. Baba yake alipofariki, Rwekaza hakuja. Vibali vyake vya kuishi huko vilikuwa bado vinashughulikiwa, akitoka asingeruhusiwa kurudi. Alitazama maziko kwenye simu ambayo Avit, mtoto wa Mutembei, aliishika juu ya vichwa vya watu. Siku ya kumsimika mrithi ilipofika, kiti kilikaa kitupu, ukoo ukasema tutangoja.

Sasa Kokwijuka alikuwa amerudi na jibu. Jibu lilikuwa hapana. Na kama hapana peke yake haitoshi, kulikuwa na jingine chini yake, baya zaidi, ambalo usiku ule wote angani hakupata maneno ya kulisemea.

“Karibu nyumbani, waitu, ndugu yetu,” Mutembei alisema, akapokea begi. Kokwijuka alipiga goti akamsalimu kama ilivyo desturi, na goti lilipogusa udongo wa Bukoba alitamani asiinuke.

Avit ndiye aliyekuwa anaendesha gari la kukodi. Njia nzima, Kemondo hadi Muhutwe, Mutembei aliuliza mambo. Walikupa chakula gani kwenye ndege? Kweli huko msimu wa baridi ni mwezi wa saba? Magari yao yanapita upande gani? Kokwijuka alijibu yote huku vidole vyake vikisokota pindo la kanga. Kila Mutembei aliponyamaza kidogo, yeye moyoni alisema sasa linakuja. Halikuja. Shemeji hakulitaja jina la Rwekaza hata mara moja, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Mtu aliyekutuma dukani ukirudi asiulize chumvi, ujue anakungoja mahali.

Walipofika Ijumbi na Kokwijuka akashuka, jambo la kwanza aliloliona ni kibanja chake. Alikiacha kimejaa majani makavu yanayoning'inia. Alikikuta kimekatiwa, kimetandazwa nyasi chini, na kila mgomba uliobeba umewekewa mti wa kuuegemeza. Hata ile pembe ya mibuni karibu na makaburi ilikuwa imepaliliwa.

“Nani amefanya kazi hii yote?”

“Si Avit huyu!” alijibu Jovitha, mke wa Mutembei, kwa fahari ya mama. “Alikuwa anakuja hapa kila siku. Utafikiri chake.”

Utafikiri chake. Jovitha alisema hivyo huku anacheka, akaenda kupuliza moto. Kokwijuka alibaki uani amesimama. Mutembei ana watoto wa kiume wanne na kibanja kimoja. Avit ameoa juzi, amejenga chumba kwenye uwanja wa baba yake. Mwenye akili ya kujumlisha ajumlishe. Na mjane ambaye mwanawe hayuko kwenye ardhi anaenda wapi? Kwa kaka zake kule Rubafu? Arudi na begi lenye matairi kwa wake wa kaka zake, wale ambao hata alipokuwa msichana walimhesabia maharage kwenye sahani?

Alilala vibaya. Jumamosi alijifungia akasema ni uchovu wa safari. Jumapili hakuwa na pa kujificha, maana mchungaji alimtaja kanisani, ndugu yetu amerudi salama kutoka mbali, tumshukuru Mungu, na baada ya ibada ukoo wote ukaja nyuma yake mpaka uani kama msafara wa harusi. Jovitha alikuwa amepika ndizi na maharage, na samaki wa visiwani wa kuvukiza. Wazee walikaa kwenye viti, akina mama kwenye mikeka. Mutembei alikaa karibu na mlango, kofia gotini.

“Haya, mae, mama yetu, tupe Australia,” alisema Jovitha.

Basi Kokwijuka akawapa. Nani asingewapa? Alikuwa amegundua kwamba kadiri anavyosema, ndivyo lile swali linavyokaa nje. Na akiwa na hofu huwa anasema vizuri, tangu utoto wake. Walimu walimchapa kwa hilo.

Aliwaambia habari za kahawa. Alikuwa amebeba akamwani, zile kahawa za kutafuna zilizochemshwa na majani zikakaushwa, amezifunga vizuri kwenye ganda la mgomba, maana mtu huingiaje nyumba ya mwanawe bila akamwani ya kupokezana mikononi? Uwanja wa ndege wa Melbourne wakamfungulia begi. Dada wa kazi, mpole, mwenye glavu, akauliza hii ni nini. Kokwijuka akachukua moja akaitafuna mbele yake, kumwonyesha, kisha akamkaribisha na yeye. Yule dada akarudi nyuma hatua nzima. Sheria yao haitaki mbegu kutoka nje, inaweza kuwa na mdudu. Kifurushi kikaenda kwenye pipa.

“Yesu!” walisema akina mama.

“Nikaingia kwa mwanangu mikono mitupu kama mwizi.”

Walisikitika, na masikitiko yao yalimpa nguvu. Akawapa habari za jirani wa Rwekaza, mzee wa kizungu mwenye nywele nyeupe kabisa, anayemwagilia maua yake kila asubuhi. Siku ya kwanza Kokwijuka anatoka nje, anamwona mzee kama yule, atafanya nini? Alipiga goti palepale kwenye saruji, akakunja mikono, akatoa salamu yake yote mpaka mwisho. Mzee akatupa mpira wa maji! Akaruka kauzio kake, akamshika kwapani huku anapiga kelele, na kabla Kokwijuka hajamaliza kuuliza habari za nyumbani kwake, gari la wagonjwa likawa limefika. Vijana wawili wakamlaza, wakammulika machoni, wakamfunga kile kitambaa cha presha.

“Wakakuta nini?” aliuliza Avit.

“Wakakuta iko juu! Wewe ungekuwa chini na watu wanakumulika, yako ingekuwa wapi?”

Uwanja mzima ulicheka. Mzee mmoja alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Mutembei naye alicheka, alifuta hata macho, na Kokwijuka alipomwona anafuta macho alipata tumaini la kijinga kwamba huenda siku itaisha hivi hivi.

Kwa hiyo hakupumzika. Aliwapa tramu, behewa refu linalotembea barabarani katikati ya magari, watu wamejaa ndani na hakuna anayesema neno, utadhani wanatoka msibani. Yeye aliingia akasalimia wote. Msichana mmoja akahama kiti, mwingine akatoa vitu masikioni akamchekea. Aliwapa mto unaopita mjini, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na bado watu wazima wanakaa ukingoni wanautazama kwa furaha. Aliwaonea huruma, hawajaona ziwa. Aliwapa hali ya hewa, asubuhi sweta, mchana jua la kuchoma, jioni mvua ya mawe, siku hiyohiyo moja. Aliwapa maghorofa ambayo ukitazama juu kofia inaanguka. Ndizi? Ziko, za aina moja tu, mbivu, na ukiuliza za kupika wanakutazama. Aliwapa mbwa wanaovaa makoti, na mwenye mbwa anatembea nyuma na kamfuko, mbwa akijisaidia anaokota.

“Anaokota?”

“Kwa mkono wake. Anafunga, anabeba.”

“Nshomile wote wa Kagera, wasomi wa majigambo, wakikutana hawawezi kutunga uongo huo,” alisema mzee aliyekohoa. “Basi ni kweli.”

Walikuwa wanacheka, na yeye alikuwa anatafuta kingine cha kusema, na kingine hakikuja. Kilichokuja ni nyasi.

Nyasi fupi, zimekatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto wa shule. Ilikuwa Jumapili vilevile. Rwekaza alimpakia kwenye gari yeye na Hellen, mkewe, binti wa kutoka Hamugembe, Bukoba, anayefanya kazi ya kuuguza wazee huko, wakaenda nje kidogo ya mji. Kokwijuka alidhani wamekwenda kwenye bustani ya mtu mkubwa. Kulikuwa na mawaridi. Kulikuwa na vibao vidogo chini, vya mawe, vyenye majina, na alikuwa ametembea muda mrefu akivisifia kabla hajaelewa kwamba anatembea juu ya watu.

“Hapa ni petu, mama,” Rwekaza alisema, akionyesha nyasi tupu. “Mimi na Hellen. Tumeshapalipia. Siku ikifika, hakuna atakayesumbuka kuchangishana kusafirisha maiti.”

Alisema kama kijana anayemwonyesha mama yake nyumba mpya. Kokwijuka alirudi garini akakaa. Alingoja mpaka jioni, na jioni alisema vyote. Kwamba baba yake amelala anamngoja. Kwamba atazikwa katikati ya watu ambao hata kwenye tramu hawasalimiani. Rwekaza alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa sauti ya chini kwamba watoto wake wamezaliwa hapa, wataishi hapa. “Nikilala Ijumbi, mama, nani wa kwangu atakuja kunitembelea?”

Hilo lilimkasirisha zaidi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini mama kwa mwanawe si mgeni, au ndivyo alivyoamini; akaanza vita. Kila jioni Rwekaza aliporudi kazini alimkuta mlangoni na swali lilelile. Siku zilivyokwisha akaacha hata kuuliza. Akaacha kusema naye kabisa. “Hellen, mwambie mumeo chakula kiko tayari.” “Hellen, mwambie mumeo sitaki kwenda baharini.” Wiki za mwisho ziliisha hivyo, watu wazima watatu mezani na watoto wakitazama sahani zao. Siku ya kuondoka, Rwekaza alimwambia, “Mama, waambie wewe. Mimi baba mdogo siwezi kumwambia.” Aliinama ili akumbatiwe. Kokwijuka alimpa mkono, akageukia watu wa kukagua mabegi.

“Shemeji,” alisema Mutembei.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Watu walikuwa wanajiweka sawa kwenye mikeka, na Mutembei alikuwa ameivaa kofia yake.

“Shemeji, umetufurahisha. Tangu kaka afariki uwanja huu haujacheka hivi. Sasa tuambie habari za kijana.”

Kokwijuka alitazama migomba. Alitazama ile miti mipya ya kuegemeza, iliyochongwa vizuri na mkono wa mtu mwingine. Mapigo ya moyo aliyasikia masikioni, na kama wale vijana wa presha wangekuwepo wangepiga simu.

“Harudi,” alisema.

Mutembei alisogeza kiti chake mbele.

“Harudi, na amenunua kaburi. Huko huko. Nimeliona kwa macho yangu, limepaliliwa, lina maua. Nimemwambia yote ambayo mama anaweza kumwambia mtoto, amekataa. Mjumbe hauawi. Mlinituma, nimeleta. Na kama ni mimi kuondoka hapa, semeni leo mbele ya watu wote, nijue. Nisikae nakiona kibanja kinalimwa pembeni pembeni kama mimi nimeshakufa. Kaka zangu wa Rubafu bado wapo.”

Sauti ilikuwa imempanda mpaka mwisho ikapasuka. Avit aliinamisha kichwa. Jovitha aliweka mkono mdomoni. Mutembei alimtazama shemeji yake kwa mshangao, mshangao wa kweli, kisha akavua tena kofia.

“Nani amesema uondoke?”

“Avit...”

“Avit amelima kwa sababu mimi nilimwagiza. Ukoo ulishakaa. Avit atakitunza kibanja, wewe utakaa ndani ya nyumba yako, na siku yako ikifika yeye ndiye atakayekuzika hapo, ubavuni kwa kaka. Tulitaka upumzike safari kwanza ndipo tukwambie.”

“Mlishakaa lini?”

“Kabla hujaondoka.”

Kokwijuka hakuelewa. Alirudia maneno hayo kimoyomoyo na bado hakuyaelewa.

“Kabla sijaondoka? Na jibu lilikuwa bado!”

“Jibu tulikuwa nalo, waitu.” Mutembei alisema polepole, kama mtu anayeteremsha mzigo asije akauvunja. “Tunalo tangu siku ya maziko. Mtoto akishasema msinisubiri, zikeni tu, huyo amekwishahama. Hilo la kaburi sikulijua, na limenichoma, lakini hata hilo halikunishtua. Watoto wa Kihaya wangapi wamekwenda hivyo?”

“Basi mlinituma nini? Mbuzi za watu zimeuzwa! Mlinituma nini huko?”

“Ukamwone.”

Kuku walikuwa wanaparuza nyasi chini ya mibuni. 

“Wewe ni mtu mzima, na moyo wako unajulikana,” Mutembei aliendelea. “Yeye harudi. Tukasema, mama huyu asije akafa hajamwona mwanawe. Ila kwetu mtu mzima hatumwi bure, anapewa neno la kubeba. Na tungekwambia nenda ukamuage mwanao, ungekwenda? Ungesema tumemzika kijana akiwa hai. Tukakupa swali, ili uende.”

Ilikuwa adabu. Ilikuwa adabu ile ile ya Ijumbi inayomzungusha mtu mlima mzima ili asipite mbele ya jambo baya, na Kokwijuka mwenyewe alikuwa ameitumia kwa wengine maisha yake yote. Jovitha alisogea akamkalia karibu, akamshika mkono, macho yamemlowa, akitaka kumtoa kwenye uchungu kwa njia aliyoijua.

“Lakini umemwona, mae. Hilo hakuna wa kukunyang'anya. Hebu tuambie basi, mwanetu amekuwaje? Amenenepa? Ametoka mvi kama baba yake? Bado anacheka huku amefunika mdomo?”

Watu walisogea kumsikiliza. Walikuwa wamempenda Rwekaza, wengine walikuwa wamembeba mgongoni.

Kokwijuka alifungua mdomo. Aliona makoti ya mbwa, kila rangi. Aliona maji ya mto ule na glavu za yule dada na mpira wa maji ukirukaruka wenyewe kwenye saruji. Alimtafuta Rwekaza akaona kisogo chake akiendesha gari. Akaona viatu vyake vya kazi mlangoni, na mkono wake ukichukua sahani ambayo Hellen amempitishia. Alipotaka uso, uliomjia ni ule wa kijana aliyeondoka Bukoba zamani, hana ndevu, anapunga mkono. Wa sasa hakuupata. Alirudi mpaka uwanja wa ndege, pale alipoinamiwa, na hata pale alijikuta anatazama begi.

“Mae?” alisema Jovitha.

Kokwijuka aliutoa mkono wake taratibu. Alimgeukia Mutembei, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika ukoo ule alimtazama shemeji yake usoni bila kuinamisha macho.

“Mngeniambia, shemeji,” alisema. “Mngeniambia naenda kumuaga, ningemwangalia.”